Radhiya wa Kitini

Wifi yangu Radhiya alikuwa na sauti ya kufukuzia kunguru. Nasema hivi kwa mapenzi, maana wifi akikusifu sana jua ana lake jambo. Alipoletwa kwetu Lamu kutoka Chundwa, huko kisiwa cha Pate, kuwa mke wa kaka yangu Abdulkadir, hina haijafifia mikononi, alisimama ukumbini akamwita muuza maziwa aliyekuwa keshapita mtaa wa pili. Mama yetu, Bi Nana, akaninong'oneza jikoni, "Huyu akiita hapa, kijiji cha Shela huitika."

Tulikuwa watu wanne katika nyumba ile ya mawe mtaa wa Langoni: Mama, Abdulkadir, Radhiya, na mimi Tima, niliyekuwa nimesharudi kwetu na talaka yangu ya pili. Sioni haya kuitaja. Waume wote wawili walikuwa wavivu, na mimi nina ulimi. Kaka yangu alikuwa karani wa forodha, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeleta mshahara, akisema jambo lilikuwa limesemwa.

Chakula cha mchana tulikula pamoja. Mkeka hutandikwa, sinia la wali huwekwa katikati, na sisi sote tukalizunguka. Hapo ndipo Radhiya alipotuteka. Alikuwa na mkono wa kuchambua samaki ambao sijauona kwa mtu mwingine. Anamega, anatoa miiba, kisha anasukuma kipande upande wa Mama, kipande upande wa mumewe, kipande upande wangu, na huku anatupa habari za kwao: nani kaoa, nani kaachwa, mbuzi wa nani kaingia shamba la tumbaku la nani. Yeye mwenyewe alikula mwisho, mabaki na kichwa. Siku moja nikamuuliza, "Wifi, kwenu mlikuwa mkila pamoja na paka?" Akanigeuzia kichwa cha yule samaki, jicho likinitazama. "Kula ito hilo, wifi. Huenda ukaona mume mwema."

Mama alicheka mpaka wali ukampalia. Nyumba yetu haikuwa ya kicheko kabla ya huyu wa Chundwa kuingia, na hilo nitalisema mbele ya yeyote.

Sasa habari ya mguu. Radhiya alikuwa akichechemea tangu utotoni, na kwao hawakulificha jambo hilo wakati wa posa. Walisema ni ugonjwa uliompata akiwa mdogo, ukapita. Lakini mwaka wa pili wa ndoa maumivu yakaanza upya. Akipanda ngazi anashika ukuta. Akitaka kujigeuza kitandani anauma shuka. Tukimuuliza panauma wapi, anashika goti, nasi tukaliamini goti. Tukalisugua kwa uto wa simsim, tukalifunga majani ya mbono, akaletwa bibi mmoja kutoka Wiyoni mwenye pembe zake za kuumika akalichanja na kulinyonya damu. Masikini goti la watu halikuwa na kosa lolote.

Aliyelitoa hatiani ni Bwana Wanyama, mganga msaidizi wa hospitali yetu ya Lamu, mtu wa bara mwenye mikono mizito na maneno machache. Alimlaza Radhiya mezani, akaukunja mguu taratibu, akaugeuza kwa ndani kidogo. Radhiya akapiga ukelele, na mkono wake haukwenda gotini. Ulikwenda kwenye kinena.

"Mama, goti lako ni zima," Wanyama akasema. "Mwenye makosa ni huyu wa juu, nyonga. Kiungo kimeliwa na kifua kikuu tangu zamani, sasa mfupa unasaga mfupa. Nyonga ikiharibika, goti ndilo hupiga kelele."

Tulipomweleza Mama nyumbani alishika tama. "Tangu lini kifua kikashuka hadi guuni?" Lakini Abdulkadir alisikiliza, akaomba ruhusa kazini, na kabla mwezi haujaandama tulikuwa njiani kwenda Mombasa, mimi nikiwa wa kumuuguza. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo baada ya uhuru, wakati wa vita vya shifta, basi letu likitanguliwa na lori la askari, na kila shimo la barabara Radhiya alilipokea kwa Bismillahi.

Kwanza walimpa vidonge na sindano za kuua kile kifua kikuu, na mguu wakaufunga kamba iliyopita kwenye kapi na kuning'inizwa mfuko wa mchanga miguuni pa kitanda. "Wifi, wamenitweka kama tanga," alisema nilipoingia. Kaka yangu alikaa mpaka ruhusa yake ikaisha, akarudi Lamu, akaja tena daktari alipokuwa tayari kupasua. Mimi nilikuwa nalala kwa jamaa zetu Kibokoni, nikipika huko na kupeleka chakula wodini.

Siku ya tatu baada ya upasuaji nilimkuta Radhiya amefungwa plasta kutoka chini ya kifua mpaka kwenye vidole vya mguu, bado ina ubaridi wa maji. Kandoni alisimama Sista Nerea, muuguzi aliyekuwa akimtafsiria yule daktari wa Kizungu. Nerea alikuwa Mluo wa Kisumu, mcheshi, mkali kwa wageni waliopitisha saa, na alinipenda kwa sababu ya mahamri yangu.

"Mna bahati nyinyi watu wa Lamu," aliniambia. "Nyonga kama hii daktari ana njia mbili. Kama mgonjwa ni mtu wa kukaa chini, anakikata kile kichwa cha mfupa, anakitoa kabisa. Mguu unabaki mfupi na hauna nguvu, unatembea na fimbo maisha yako yote, lakini unakunja. Unachuchumaa, unakaa chini vizuri. Kama ni mtu wa viti, anaunganisha mfupa na mfupa, vishikane viwe kitu kimoja. Hiyo haikunji tena, lakini maumivu yanakwisha na fimbo unatupa. Huyu wenu amepata hiyo nzuri."

"Nani aliyesema sisi ni watu wa viti?"

"Bwana yake. Daktari aliuliza, nyumbani mnakaa wapi, chini ama kwenye viti? Akasema kwao ni nyumba ya viti vya enzi tangu zamani za mababu."

Niliweka bakuli la uji juu ya kabati.

Viti vya enzi! Tulikuwa nacho kimoja. Alikiacha babu yetu, kiti cha mpingo chenye mgongo mrefu uliosukwa kwa uzi na kibao cha kuwekea miguu, kimekaa pembeni ya msana, ule ukumbi mrefu wa ndani, kimefunikwa kitambaa mwaka mzima. Ni kiti cha mgeni wa heshima. Alikikalia kadhi siku ya harusi, na zamani alikikalia mkuu wa wilaya, bwana D.C. mmoja aliyekuja kutoa pole. Mtu wa nyumbani hakikalii. Mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kukiegemea, seuze kukikalia.

Najua kaka yangu alikoyatoa maneno yale. Mkubwa wake forodhani alikuwa Bwana Kamau, mtu wa Nyeri, mchangamfu, na Iddi moja tulimwalika. Tulitandika mkeka kama tunavyotandika. Yeye na suruali yake ya kubana akahangaika kukunja miguu, akacheka, akasema, "Karani, na mshahara wote huo, hata viti vya kulia chakula hununui?" Ulikuwa mzaha wa mtu mwema. Alikula biriani akaongeza, na alipoondoka alimshukuru Mama mara mbili. Lakini Abdulkadir maneno yale yalimkaa kooni. Sasa mbele ya Mzungu mwenye koti jeupe, na muuguzi wa bara amesimama na kalamu, akaulizwa kama nyumbani kwake watu wanakaa chini. Yeye, Mwamu, mtu wa Lamu, mtoto wa nyumba ya mawe, aseme chini? Jivuno la kwetu ndilo hilo. Tunaweza kulala na njaa, lakini mlango una nakshi.

Nerea alipokwenda zake nilimwinamia Radhiya. "We hukusikia alipoulizwa?"

"Nalisikia."

"Mbona hukunena?"

Aligeuza uso, maana kitu pekee alichoweza kugeuza ni shingo. "Nimtoe mume wangu mrongo mbele ya watu? Mke ni nguo ya mume, wifi. Tamvuaje?" Akanigeukia tena. "Na pia nalitaka maumivu yaishe. Nikidhani kwamba nikifika nyumbani, kwa uto na kukandwa, litalainika kidogo kidogo."

Nililirudia lile bakuli kabatini. Nilimlisha uji.

Miezi ile ya plasta ilimfunza kutamani. Kwanza ni mwasho. Ndani ya plasta ngozi ilimwasha hadi akalia, nikamletea chelewa niliyoichomoa kwenye ufagio, anaiingiza kwa juu na kujikuna. Nerea akaikamata. "Mama, ukijichubua humo ndani nitaulizwa mimi!" Kesho yake akamletea nyingine, ndefu zaidi, ncha imefungwa pamba. Lakini mwasho una chelewa, hamu haina. Akilala pale anatazama dari alikuwa akinihesabia mambo ya nyumbani: ubaridi wa sakafu ya chokaa saa za adhuhuri, namna Mama anavyofuta ukingo wa sinia kwa kidole kabla ya kuliweka, mahali pake pa kukaa karibu na mlango wa jiko penye upepo. "Nikirudi takeleti pale pale," alisema, "na mtu asinisogeze."

Plasta ilipokatwa, mguu ulitoka mwembamba na wenye magamba. Wakamsimamisha, na hapa sitamdhulumu daktari: alichoahidi alikitoa. Radhiya alikanyaga na hakuumwa. Alitembea wodi nzima, anaupeleka mguu kwa kuzungusha kiuno, na machozi yalimtoka kwa furaha. Usiku ule alilala mpaka alfajiri bila kushtuka, jambo ambalo hakuwa amelipata kwa miaka. Aliniambia, "Wifi, yule shetani ametoka." Tulishukuru Mungu, na Nerea akala mahamri yote.

Tulipofika Kibokoni wenyeji walikuwa wametandika mkeka wa kumkaribisha. Radhiya akaukimbilia, kwa kiasi cha mtu wa mguu ule kukimbia. Akajaribu kuketi. Mguu ukatangulia mbele ukiwa umenyooka, mwili ukarudi nyuma, akaangukia viwiko. Akajaribu kwa upande. Akajaribu kwa kushika kitanda. Wanawake watatu tulimwinua, na mmoja, kwa nia njema tu, akakimbia kuleta kiti kwa jirani.

Lamu tulipokewa na Abdulkadir mlangoni, uso umemwaka. Kile kiti cha babu alikuwa amekitoa pembeni, amekisugua kwa mafuta ya nazi mpaka mpingo unang'aa, amekiweka katikati ya msana. "Karibu, Bi Radhiya," alisema. "Hiki ni chako tangu leo. Atakayekikalia mwingine, aniulize mimi." Kaka yangu ana makosa mengi, lakini siku ile alikuwa anatoa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, na Radhiya aliliona hilo. Akakaa.

Ikaja saa ya chakula. Mkeka ukatandikwa, sinia likawekwa, tukalizunguka watatu. Yeye akapakuliwa kwanza, sahani yake peke yake, ikawekwa juu ya kistuli mbele ya kiti. Mgeni ndiye hupakuliwa kwanza. Samaki wake alikuwa na miiba, akaitoa, akatafuta pa kusukuma kile kipande, sahani ikawa ndogo, akakila mwenyewe. Sisi huku chini tulikuwa tunaona nyayo zake. Kumsemesha ilibidi tuinue nyuso na tonge mkononi, na mtu akiinua uso tonge humwagika, basi mazungumzo yakapungua. Akaacha kutupa habari za mbuzi. Siku zikapita, ile sauti iliyokuwa ikifika Shela haikufika hata jikoni.

Majirani walikuja kumwona na kushangilia. "Mashaallah, Abdulkadir amemweka mkewe kama malkia!" Watoto wa mtaa wakampa jina, Radhiya wa Kitini, likamganda. Naye alitabasamu kwa kila mtu, kwa adabu, kama wafanyavyo wageni.

Swala ilimuuma kuliko chakula. Sheikh wa msikiti wetu alimtumia jibu jema, kwamba dini ni wepesi, asiyeweza kusujudu na aswali kitini, ainamishe kichwa, swala yake imetimia. Alifanya hivyo. Lakini nilimkuta magharibi moja amemaliza, bado ameshika mikono ya kile kiti, akasema bila kunitazama, "Nataka paji la uso liguse mkeka, wifi. Mara moya tu. Nimewekwa juu, na mimi huko juu sina haja nako."

Kila usiku aliniomba nimkande nyonga kwa uto wa simsim. Nilimkanda. Nilijua ninachokanda ni mfupa ulioshikana na mfupa mwenzake, na yeye alijua kwamba najua, lakini tulikuwa hatuambiani. Radhiya hakumlalamikia mumewe hata neno moja. Akiulizwa hali, anasema, "Alhamdulillahi, hainiumi." Na kweli haikuuma. Nilichukia kile kiti, nakiri. Kukifuta vumbi nilikuwa nakifuta kama namzaba mtu makofi.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka mama yake Radhiya akafariki.

Habari zilitufikia jioni, na mazishi yalikuwa yamekwisha. Tukavuka asubuhi, Abdulkadir, Radhiya na mimi, yeye akilazwa katika mashua na mguu juu ya magunia. Njia nzima hakulia. Chundwa tukafika, Abdulkadir akaenda upande wa wanaume, sisi tukaingia ndani.

Matanga mnayajua. Mikeka imetandikwa ukuta kwa ukuta, na wafiwa wako chini, shangazi yake, dada yake mdogo, binamu, wamekaa wamekunja miguu, leso kichwani. Anayeingia kutoa pole huvua viatu, akainama, akapita kwenye mikeka akishika mkono wa mmoja mmoja. Mfiwa hakai kitini. Sijasikia hayo yakiandikwa popote, lakini nani asiyejua?

Jamaa zake walikuwa wamemfikiria. Walijua hawezi kuketi, basi wakaazima kiti kwa mwalimu wa skuli, wakakiweka karibu na mlango, penye hewa. Radhiya alikuwa amechoka na safari, na mazoea ni mazoea. Akakaa.

Wanawake wakaanza kumiminika, wa Chundwa yenyewe na wa vijiji vya jirani. Nikaona wa kwanza akipita. Akavua viatu pale pale miguuni pa Radhiya, akampa salamu ya kichwa, akaenda kwenye mkeka, akamshika shangazi, akamshika dada, "Mngu awape subira," akatoka. Wa pili vivyo hivyo. Waliokuwa wakimjua tangu utotoni walikuwa jikoni na kisimani. Hawa wengi walikuwa wa vijiji vile vingine, na macho yao yalienda yanakokwenda siku zote, chini, kwa wenye msiba. Radhiya alikuwa anatoa mkono nusu, kisha anaurudisha mapajani. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa yule maiti. Yeye ndiye aliyenyonya ziwa lile kabla ya wote.

Akaja mama mmoja mnene, mchangamfu, kutoka Kizingitini. Huyu alikuwa na adabu kuliko wenzake, hakutaka kumpita mtu bila neno. Akasimama mbele ya kiti, akamwambia Radhiya kwa upole, "Nawe umetoka mbali kuya kuwapa pole. Mngu atakulipa."

Nilimwona wifi yangu akifunga midomo. Akanitazama. "Tima," alisema, na siku zote hakuwa akiniita kwa jina, "nishushe tini."

"Wifi, hutaweza kuketi."

"Sikuamba niketishe. Nishushe."

Tukamshusha, mimi na dada yake, yeye akatusaidia kwa mikono. Akalala. Kwanza kwa ubavu, kisha akajipindua kifudifudi juu ya mkeka wa nyumba aliyozaliwa, mguu ule mgumu umetoka upande, na paji la uso likagusa ukindu. Haikuwa swala na haikuwa sijida. Alikuwa mtu mzima amelala chini mbele ya watu. Lakini nilisikia pumzi ikimtoka, ndefu, kama aliyekuwa ameizuia tangu Mombasa, halafu ile sauti yake ikarudi yote. Alimwita mama yake. Kunguru wa Chundwa waliruka, nasema kweli. Shangazi akataka kumnyamazisha, kwamba maiti haililiwi hivyo, akaishia kulia naye.

Yule mama wa Kizingitini alirudi mbio, amejishika kifua, akapiga magoti akamshika Radhiya mikono yote miwili. "Nisamehe, mwanangu, kumbe aliyekufa ni mama yako!" Na nyuma yake wakarudi wengine waliokuwa bado hawajatoka. Mchana masinia yalipoletwa, Radhiya alikula papo hapo, amelala kwa ubavu, ameegemea kiwiko. Bibi mmoja akanung'unika kwamba kula umelala si adabu. Shangazi akamwambia amwache, "Mwate. Mwenye nyumba hula apendavyo."

Tulirudi Lamu baada ya hitima. Kesho yake adhuhuri, Mama akiwa jikoni anapakua, Radhiya akakipita kiti cha babu bila kukitazama, akaniomba nimshushe kwenye mkeka. Nikamshusha. Alikuwa amelala hivyo, kiwiko chini, Abdulkadir alipoingia kutoka forodhani.

"Mbona umelala tini, Bi Radhiya, na kiti kipo?"

"Kiti ni chako, Abdulkadir." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina tupu, siku zote ni Bwana. "Daktari aliuliza mimi hukeleti wapi. Ukamjibu wewe wataka watu wako waonwe wamekeleti wapi. Nami nikakusitiri. Nimekusitiri mpaka mamangu amekufa, na watu wamenipita msibani kwa mamangu kama mpita ndia."

Kaka yangu alisimama na kofia yake na kalamu yake. Akasema, "Nalidhani nakupa heshima."

"Ulinipa. Ya wageni."

Mama alikuwa mlangoni na sinia mikononi, na wali unapoa. Nilidhani Abdulkadir atatoka; wanaume wa kwetu wakishindwa hukumbuka kwamba wana miadi. Badala yake akavua kofia akaiweka kitini. Akatoa kalamu mfukoni. Kisha akajilaza mkekani kwa ubavu, ile kanzu ya pasi ikikunjamana chini yake, akakabiliana na mkewe, ameegemea kiwiko kama yeye, na kwa vile hakuzoea, kiwiko kikamteleza akagonga kidevu. Sikucheka. Mimi, nisiyeacha kitu, sikucheka.

Mama akaliweka sinia katikati yao, akaketi. Nami nikaketi.

Radhiya akavuta samaki. Vidole vilikuwa vizito mwanzoni. Akatoa miiba, akasukuma kipande upande wa Mama. Akatoa miiba, akasukuma kipande upande wangu. Akamega cha tatu, akakishika kwa muda, akamsukumia mumewe hivyo hivyo, na miiba yake. Abdulkadir akakila. Alitema mwiba mmoja mmoja kiganjani, macho yamemjaa maji, na Radhiya alimtazama mpaka akamaliza.

Tulipokwisha kula tukanawa mikono. Mama akainuka na sinia, mimi nikainuka na bakuli. Abdulkadir akapiga magoti nyuma ya mkewe, akamtia mikono makwapani kumwinua. Radhiya akamsukuma kwa bega, taratibu, akalaza shavu lake kwenye mkeka na kufumba macho.

"Niwateni kidogo," alisema. "Nalikuwa na hamu na hapa."